Kigoda cha Khocha Simiyu

Kibomet, jioni

Nekesa, mama,

Umeenda mjini kusukwa nywele, na mama yako yuko jikoni na shangazi zako wanakupikia chapati za safari, utadhani huko uendako watu hawali. Nimefunga mlango wa sebule. Nimemsikia shangazi yako mmoja akiuliza, "Huyo mzee anafanya nini huko ndani pekee yake?" Mama yako akamjibu, "Ati anaandika." Wakaendelea kusukuma chapati. Wananishuku, na sina la kuwalaumu. Mtu aliyeishi kwa kuuza maneno akianza kuandika, lazima watu wajiulize safari hii anauza nini.

Mambo ya koti, dawa na pasipoti watakuambia wao, na watayarudia mpaka uchoke. Mimi nataka tuzungumze juu ya ile picha.

Unaijua picha ninayosema. Ulikuja nayo kwenye simu siku uliyopata habari kwamba lile jumba la makumbusho la Ulaya limekukubali. Ulikuwa unarukaruka kama mtoto. Ukaniambia, "Baba, cheki hii. Hii stuli ni ya huku kwetu! Ndio nitafanyia risachi. Wamesema hakuna Mbukusu amewahi kuiandikia, mimi ndio wa kwanza." Nikavaa miwani. Nikaona kigoda cheusi cha miguu mitatu, kimewekwa ndani ya kioo na kumulikwa taa, na chini yake ukanisomea: kigoda cha mzee wa ukoo, Wabukusu, kabla ya ukoloni, mchongaji hajulikani.

Nilisema, "Ni kizuri," nikakurudishia simu. Kisha nikatoka nje, nikasema naenda kufungia kuku, na ilikuwa mchana jua likiwaka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikuchunguza. Wakati nimeishika ile simu ulinitazama usoni muda mrefu kuliko kawaida, au ni mimi tu? Nikashuku kwamba unajua. Baadaye nikashuku kwamba wao ndio wanajua, na kwamba wamekuchagua wewe kati ya vijana wote walioomba ili wanifikie mimi. Unakumbuka nilikuuliza kama jina langu liliandikwa kwenye maombi yako? Ulicheka ukasema, "Sasa Baba, si lazima liandikwe? Mimi ni mtoto wa nani?" Hukujua ulivyonichoma. Namba ngeni zikipiga simu siku hizi napokea nikiwa kimya, nasubiri mwenzangu aseme kwanza.

Basi niseme moja kwa moja. Kile kigoda nakijua. Hakikuchongwa kabla ya ukoloni. Kilichongwa Lugulu, wakati wewe hujaanza darasa la kwanza, na aliyekichonga ni khocha wako Simiyu, ndugu ya mama yako, huyu huyu atakayekuja kesho asubuhi kukuaga.

Wewe unalikumbuka duka langu la Kitale kama duka la shuka, shanga na vinyago vya wageni waliokuwa wakienda kupanda mlima. Hiyo ilikuwa sehemu ya mbele. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka kwenye boma za watu, kuanzia Bungoma mpaka huku miteremko ya Elgon, nikiuliza vitu vya zamani. Vibuyu vilivyoshonwa, ngao, vinanda vya litungu vilivyokatika nyuzi, vigoda. Watu walinipa huku wakinicheka. Baba yangu mwenyewe alipookoka alivua bangili yake ya uzee akaitupa chooni, akarudi kanisani akiimba, na mkono wake ukabaki na alama nyeupe mahali bangili ilipokuwa. Wengi wa rika lake walifanya hivyo hivyo. Kitu cha zamani kilikuwa cha aibu, kwa hiyo mtu akija kukichukua, anakusaidia kufagia nyumba.

Mmoja wa wanunuzi wangu alikuwa mgeni mrefu aliyependa kuvaa kofia ya kitani. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, na hilo pekee lilitosha kunifanya nimshuku. Alikuwa anakaa dukani kwangu akinywa chai na kunisimulia. Ndiye aliyeniambia kwamba wachoraji wakubwa wa Ulaya, walipochoka kuchora matunda na mabibi waliokaa vitini, waliona barakoa na sanamu zilizotolewa Kongo na Afrika Magharibi, vitu vilivyobebwa na askari na wafanyabiashara vikarundikwa kwenye vyumba vyenye vumbi. Wakasimama mbele yake wakashangaa. Waliporudi nyumbani nyuso walizochora zikawa na pembe, pua zikahama mahali pake, na dunia yote ikasema wamezaa sanaa mpya.

Nikamuuliza, "Na hao waliochonga barakoa, waliitwa nani?"

"Hawajulikani," akasema haraka, bila hata kuinua macho kwenye kikombe.

"Na wachoraji?"

Hao aliwataja mmoja mmoja, na mahali walipozaliwa, na wake zao.

Mtu mwenye moyo angekasirika hapo. Mimi nilikuwa mfanyabiashara, nikachukua somo. Nilielewa kwamba kitu cha kwetu kisicho na mwenyewe kina thamani kubwa kuliko chenye mwenyewe. Nilielewa vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilielewa na nikalitumia.

Siku moja nikamtajia mgeni huyo kwamba baba mkwe wangu, babu yako aliyetangulia, aliacha kigoda cha uzee wake. Macho yake yakabadilika. Akasema atakichukua bila kukiona. Nikaenda Lugulu kwa Simiyu, aliyekirithi. Simiyu hakunisikiliza hata kidogo. "Hiyo ni ya mzee," akasema. "Siuzi. Hata ukikuja na DC." Alikuwa sahihi, na kigoda hicho kiko kwake mpaka leo, umekikalia mara nyingi.

Sasa, ningeweza kurudi kwa mgeni nikamwambia imeshindikana. Badala yake nikamwambia Simiyu kwamba kuna mwalimu mkuu wa Kanduyi anataka kigoda kama kile, amchongee. Aliingia kazini kwa furaha ya ajabu. Unamjua khocha wako, kazi ikimpendeza anaimba vibaya mpaka mbuzi wanahama. Alitafuta gogo la mukomari, akalichonga lote kwa mkupuo mmoja bila kuunga, kama wazee walivyofanya. Lakini nilipoenda kukichukua nikaona mguu mmoja umelala nje, haukusimama kama ile mingine.

Nikamwambia, "Mbona umeharibu? Cha mzee miguu yote imesimama."

"Ya mzee inaangushanga watu," akasema. "Baba alianguka nayo mara ngapi akiinuka? Hii mguu nimelaza, mtu akitaka kusimama inamshika. Kalia uone."

Nikakalia. Kweli, ukiinuka unahisi kama kuna mtu amekushika kiuno. Sikumsifu. Kichwani nilikuwa nawaza kama mgeni atagundua kwamba si cha kale.

Nikakileta hapa Kibomet. Nilikisugua kwa mchanga, nikakipaka samli, nikakifukia kwenye samadi, nikakitoa, nikakining'iniza juu ya jiko la kuni. Mama yako aliuliza kwa nini kigoda cha mwalimu mkuu kinavutishwa moshi kama nyama. Nikamwambia mwalimu anapenda rangi nyeusi. Alinitazama, akaendelea kusonga ugali. Mama yako hajawahi kuniamini tangu tuoane, na amekuwa sahihi mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Kilichobaki kilikuwa mng'ao wa kukaliwa. Huo haupatikani kwa mafuta, unataka mtu. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuweka wewe juu yake unywe uji. Ulikuwa huwezi kutulia, unazungukazunguka, unamwaga, nafuta, unazunguka tena. Nekesa, kwenye maelezo uliyonisomea wameandika kwamba ule mng'ao umetokana na vizazi vya wazee walioketi wakiamua mambo ya ukoo. Mama, ni kaptula yako ya chekechea. Ndiyo maana nimekuchunguza hivi. Nashindwa kujua kama unakumbuka.

Mgeni alikichukulia Kanduyi, kando ya barabara, gari lake likiwa linanguruma. Alikigeuza, akakinusa, akapitisha kidole kwenye ule mguu uliolala. Akaniuliza nani alikichonga. Nikasema mzee mmoja. Yuko wapi? Alikufa zamani. Jina lake? Nikasema hakuna anayelikumbuka. Akatabasamu. Mpaka leo nashuku alijua, kwamba alinusa ule moshi wa juzi na akaamua kuniamini kwa sababu jibu langu ndilo alilolifuata kutoka kwao. Na wakati nasema maneno hayo Simiyu alikuwa Lugulu, mzima wa afya, labda anachonga kinu cha jirani.

Miaka yote hii nilijisifu kimoyomoyo. Walibeba vitu vya Afrika bila kuuliza, nami nimewabebesha kitu cha uongo, ngoma droo. Nilipokuwa na wenzangu wa biashara tulikuwa tunacheka kuhusu vigoda vyetu vya kale vilivyozaliwa wiki iliyopita. Sikuona aliyeumia.

Kisha ukanionyesha picha ya pili. Unakumbuka ulisema, "Baba, ona vile tumefunza dunia." Fundi mmoja wa viti huko kwao, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, alikiona kigoda kile, akatengeneza viti vya mguu mmoja uliolala, na sasa viko kwenye hoteli na maofisi, watu wanaviiga kila mahali. Amesema aliupata ubunifu huo kwa wahenga wa Kibukusu. Na jumba la makumbusho limeeleza kwamba mguu ule ni ishara ya mzee anayeinamia watu wake. Wewe ulisoma kwa fahari.

Hapo kicheko changu kilikatika. Hakuna mhenga aliyeulaza mguu ule. Wazee wote walisimamisha miguu na wakaanguka nayo. Aliyeulaza ni Simiyu, kwa akili yake mwenyewe, kwa sababu aliona baba yake anateseka kuinuka. Nilidhani nimewauzia uongo. Kumbe niliwauzia kazi ya kweli, tena mpya, ambayo hakuna mtu alikuwa amewahi kuifanya, nikaipaka moshi ili ifanane na kitu kingine, na mwenye kazi nikamzika. Naona aibu, mwanangu. Sijui kuisema vizuri zaidi ya hivyo.

Huko uendako utapita vyumba na vyumba vya vitu vyetu. Nakuomba ushuku. Kitu kikisemwa ni cha kale sana, kinuse. Mtu akikueleza maana ya kila mkato kwa ufasaha mno, jiulize aliambiwa na nani, na huyo aliyemwambia alikuwa anataka nini siku hiyo. Na kila utakapokuta mchongaji hajulikani, uliza hakujulikana na nani. Mkewe hakumjua? Aliyemuuzia gogo hakumjua? Watoto waliofagia vipande vya mti hawakumjua? Kati ya mchongaji na kile kioo kuna mtu kama mimi, na mara nyingine ni msururu mzima wa watu kama mimi, weupe kwa weusi. Wachongaji walijulikana. Sisi ndio tuliona ni biashara bora wasijulikane.

Usishuku vitu vyenyewe, lakini. Hilo lilikuwa kosa langu jingine. Niliwashuku watu mpaka nikaacha kutazama. Nilikikalia kile kigoda, kikanishika kiuno, na sikusikia kitu.

Sasa tatizo linabaki kwako na ninajua uzito wake. Umefanya kazi kufika hapa. Ukienda ukawaambia ukweli, huenda wakasema kigoda ni bandia, mtoto wa tapeli hawezi kuaminiwa, na nafasi yako ikapotea kabla hujazoea baridi. Ukinyamaza, utaandika vizuri, watakupigia makofi, na khocha wako atabaki maiti kwenye karatasi zako pia. Nami, nikuambie bila kukuficha, nimekushuku hapo. Wewe ni mtoto wangu. Najua jinsi kunyamaza kunavyozoeleka, siku ya kwanza kunawasha, baadaye unasahau kwamba umenyamaza. Nilifikiria hata kukuacha uende bila kujua, ili dhambi ibaki yangu peke yangu. Halafu nikajishuku mwenyewe, nikaona hiyo ni njia nyingine tu ya kujificha.

Kwa hiyo jana niliposema naenda Bungoma kuona daktari wa macho, sikuenda kwa daktari. Nilienda Lugulu.

Nilimkuta Simiyu nje ya nyumba akichonga mpini wa jembe. Nikamwonyesha ile picha, uliyonitumia baadaye kwenye simu yangu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii si ni ile stuli ya mwalimu mkuu?"

"Hakukuwa na mwalimu mkuu," nikamwambia. "Iko Ulaya, kwenye makumbusho."

"Kweli? Na wanasema imechongwa na nani?"

"Wanasema hajulikani. Mimi ndiye niliwaambia hivyo. Niliwaambia alikufa."

"Nani alikufa?"

"Wewe."

Akaweka tezo chini. "Ati mimi nilikufa? Nilikufa na nini, bana?"

"Sikusema na nini."

"Hata ugonjwa hukunipatia! Si ungesema hata malaria." Nilianza kucheka, nikadhani tutacheka wote kama zamani. Yeye hakucheka. "Hii miaka yote unakuja hapa, unakula kuku yangu, unanisalimia shemeji, kumbe unasalimia mtu umezika. Na ulikuwa unakula tu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la pesa. Nilikuwa na majibu tayari, unanijua. Hakuliuliza. Aliuliza, "Na ile mguu nililaza, waliiona?"

Nikamwambia waliiona. Nikamwambia juu ya yule fundi wa viti, na hoteli, na watu wanaokaa na kuinuka duniani kote wakishikwa na mguu wake. Akaitazama ile picha muda mrefu. Kisha akalia, Nekesa. Hata babako mkubwa alipofariki, rafiki yake wa kufa na kuzikana, sikumwona Simiyu akilia.

"Nilikuwa nadhani hiyo mguu naielewa mimi pekee," akasema.

Nikakaa. Sikuthubutu kumgusa. Baadaye akajifuta uso kwa mkono wa shati, akachukua tezo, akasema bila kunitazama, "Mwambie Nekesa awaambie mimi ni mzima. Na simu yangu inaingia." Nikasema nitamwambia. Akasema, "Na wewe usiniongeleshe kwanza. Nikitaka nitakuita."

Nimemwambia makusudi kabla sijakuambia wewe, kwa sababu najijua. Nisingemwambia, ningepata sababu ya kuichana barua hii kabla hujarudi kutoka saluni. Sasa haiwezekani tena, si kwangu wala kwako. Kesho asubuhi atakuja, atakaa mbali nami, hatakunywa chai nitakayommiminia, na shangazi zako watanong'ona. Wewe utajua sababu. Mpe nafasi ya kukuombea, ni mrefu wa maombi lakini vumilia.

Huko ukifika, sikuamrishi uanze lini wala umwambie nani kwanza. Wewe ndiye unayewajua watu wako wa huko, chagua siku yako. Lakini jina la mchongaji ni Simiyu, anaishi Lugulu, na mguu ule aliulaza yeye. Na wakikuuliza ni nani aliwadanganya, usizunguke maneno kwa ajili ya kunilinda. Sema ni baba yako, utaje jina langu lote, waandike.

Baba yako